Jinsi ya Kumlea Mchezaji wa Taekwondo Hapa Tanga: Tunachojifunza kwa Kurt Barbosa wa Ufilipino

Kila mzazi anayemleta mtoto kwenye mazoezi yetu hapa Tanga huniuliza swali moja, mara nyingi baada ya kukaa pembeni wiki mbili tatu akitazama: "Mwalimu, mchezo huu utamfikisha wapi mwanangu?" Ni swali la haki. Njia ya mpira wa miguu anaijua, kwa sababu amekwenda Mkwakwani tangu utotoni na Coastal Union anaizungumza kila siku kibarazani, lakini taekwondo kwake ni mateke aliyoyaona kwenye televisheni. Jibu langu huwa ni kumsimulia habari za kijana wa Ufilipino, Kurt Bryan Barbosa, kwa kuwa safari yake inaonyesha wazi namna mtoto wa mji ulio mbali na mji mkuu anavyoweza kufika Olimpiki, na inaonyesha pia mahali ambapo safari hiyo hukwama.

Barbosa anatoka Bangued, mji wa jimbo la milimani la Abra, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon, karibu kilomita 400 kutoka Manila. Kwetu sisi, Tanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 350, kwa hiyo umbali peke yake usiwe sababu ya mtu kukata tamaa. Mwaka 2019, Ufilipino ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia, alitwaa medali ya dhahabu katika uzito usiozidi kilo 54. Mwezi wa Mei 2021 alikwenda Amman, Jordan, kwenye mashindano ya Asia ya kufuzu Olimpiki, safari hii katika uzito usiozidi kilo 58, kwa sababu uzito wa kilo 54 haumo kwenye Olimpiki. Nafasi zilikuwa mbili tu kwa kila uzito, na katika nusu fainali alipambana na kijana wa Jordan yenyewe, Zaid Al-Halawani. Barbosa alishinda kwa pointi 50 kwa 49. Huko Tokyo, mwezi wa Julai, alipangwa mapema na Jang Jun wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka 2019, akafungwa 26 kwa 6.

Mambo hayo mawili, ile pointi moja ya Amman na kile kipigo cha Tokyo, ndiyo yanayouongoza mwongozo huu. Ninaamini kwamba vijana wetu hawapungukiwi na bidii wala wepesi wa mwili. Kinachowapunguza ni kutojua hesabu ya pointi, kuupuuza uzito na kuchelewa kutengeneza karatasi, na mambo yote matatu yanaweza kurekebishwa hapa hapa Tanga bila kusubiri mfadhili.

Kuanza: umri, mwalimu na mahali

Mtoto anaweza kuanza akiwa na miaka sita au saba, lakini miaka hiyo ya mwanzo iwe ya kuruka, kujinyoosha, kuanguka bila kuumia na kufahamu adabu ya ukumbini. Mapambano ya kweli yasubiri. Mashindano ya kimataifa huwagawa wachezaji kwa umri: kadeti ni wa miaka 12 hadi 14, vijana ni wa miaka 15 hadi 17, na wakubwa huanzia miaka 17. Mzazi akiijua ngazi hiyo hatakuwa na haraka ya kumwona mtoto wa miaka tisa akipigana, wala hatashtuka mwalimu anapomwambia kwamba mkanda mweusi huchukua miaka mitatu, minne au zaidi ya mazoezi yasiyokatika.

Kumchagua mwalimu ni jambo zito kuliko kuchagua ukumbi. Muulize amepata wapi mkanda wake mweusi na umwombe akuonyeshe cheti chake cha dan, yaani daraja la mkanda mweusi, hasa kile kinachotolewa na Kukkiwon, makao ya taekwondo yaliyoko Seoul, kwa sababu mchezaji atakayetaka kushindana kimataifa siku moja atadaiwa cheti kinachotambulika, na mwalimu asiyekuwa ndani ya mfumo huo hawezi kumwingiza mwanafunzi wake. Mwalimu wa kweli haoni haya kuulizwa. Uliza pia kama klabu imesajiliwa. Afisa wa michezo wa halmashauri anaweza kukuelekeza, kwa kuwa vyama na klabu za michezo nchini husajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Ufilipino ilianza kwa msingi wa namna hiyo: chama chao cha taifa kiliasisiwa katikati ya miaka ya 1970 chini ya mwalimu wa Kikorea, Hong Sung-chon, na kwa sababu mafunzo, mitihani na vyeti vilikuwa ndani ya mfumo mmoja, mtoto wa Abra aliweza kutambulika Manila bila kuanza upya.

Kuhusu mahali, tusidanganyane kwamba lazima pawepo mikeka mipya ndipo kazi ianze. Ukumbi wa shule wakati wa likizo unatosha, na uwanja wenye nyasi unatosha kwa hatua za miguu. Mchanga wa ufuko wa Raskazone ni mzuri kwa kuimarisha vifundo vya miguu na mapafu, ila nawaonya walimu wenzangu wanaoutegemea mno: mguu uliozoea kuzama mchangani hujifunza kuchelewa, na taekwondo ni mchezo wa mguu unaogusa chini na kuondoka papo hapo. Mara moja kwa wiki inatosha. Mfuko wa kupiga mateke ushonwe kwa turubai na kujazwa nguo kuukuu zilizokatwa vipande. Usijazwe mchanga, kwa sababu hutulia chini ukawa mgumu kama jiwe na kuumiza unyayo wa mtoto. Kinga ya kifua na kofia vinaweza kutumiwa kwa zamu na watoto kadhaa, lakini kinga ya meno na ya kinena kila mmoja awe na yake.

Joto la pwani nalo lina sheria zake. Sisi hufanya mazoezi mazito alfajiri au baada ya alasiri, na maji hunywewa kila robo saa bila kungoja kiu. Katika mwezi wa Ramadhani tunapunguza mapambano, tunafanya kazi ya hatua na kujinyoosha muda mfupi kabla ya futari, na mazoezi ya nguvu tunayahamishia baada ya tarawehe. Kijana anayefunga hana sababu ya kuacha mazoezi mwezi mzima, wala mwalimu hana ruhusa ya kumwona mvivu.

Hesabu ya pointi

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi, kwa sababu hapa ndipo mapambano mengi ya vijana wetu yanapopotelea. Katika kanuni zilizotumika Amman na Tokyo, ngumi iliyofika sawasawa kwenye kinga ya kifua ilikuwa na pointi 1, teke la kifuani pointi 2, na teke la kichwani pointi 3. Teke la kugeuka, yaani lile ambalo mchezaji humpa mpinzani mgongo kabla ya kupiga, lilikuwa na pointi 4 kifuani na pointi 5 kichwani. Kosa moja, ambalo Wakorea huliita gamjeom, humpa mpinzani pointi 1. Makosa hayo ni pamoja na kuanguka, kutoka nje ya mstari, kumshika mpinzani, kumsukuma kinyume cha kanuni, kupiga chini ya kiuno na kukwepa pambano.

Sasa rudi kwenye 50 kwa 49. Katika pambano lililoisha kwa tofauti ya pointi moja, kosa moja tu la kukanyaga nje ya mstari lingetosha kumnyima mshindi ule ushindi. Ninapowaambia hivyo vijana wangu huniona kama ninayetia chumvi, mpaka niwaandikie matokeo ubaoni. Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalopendekeza halihusu teke lolote: chora kwa chokaa uwanja wenye pande nane, upana wake mita 8, waingize vijana wawili, na kila anayekanyaga nje au kuanguka aandikiwe deni. Baada ya mwezi mmoja kijana huanza kuuhisi mstari kwa kisigino bila kuutazama. Zoezi hilo halina gharama yoyote, na sijaona jingine linaloleta faida haraka kiasi hicho.

Zoezi la pili ni la mguu wa mbele. Vifaa vya siku hizi vina vihisio vya umeme ndani ya kinga ya kifua na ndani ya soksi, na pointi huhesabiwa pale mguu wenye soksi hiyo unapogusa kwa nguvu inayotakiwa, hivyo mchezaji anayeweza kuinua mguu wa mbele, kuuning'iniza hewani na kupiga mara mbili bila kuuweka chini huvuna pointi nyingi kwa hatari ndogo. Vifaa hivyo ni ghali na klabu nyingi za mikoani hazina, lakini usahihi unaweza kufundishwa bila umeme: paka unyayo wa soksi chaki, mwenzake avae kinga ya rangi nyeusi, kisha mwangalie pamoja alama ilipoachwa. Alama ya vidole peke yake usiihesabu. Alama ya unyayo mzima iliyo kwenye eneo la kinga ndiyo ya kuhesabu.

Kipigo cha Tokyo nacho kina hesabu yake. Zamani pointi zilijumlishwa kwa raundi zote tatu za dakika mbili mbili, na tofauti ikifika 20 katika hatua za mwisho pambano linakatwa, na ndiyo maana matokeo yalisomeka 26 kwa 6. Katika Olimpiki ya Paris ya 2024 utaratibu ulikuwa tofauti: kila raundi ilisimama peke yake, na aliyeshinda raundi mbili kati ya tatu ndiye mshindi. Mabadiliko hayo yanamsaidia mchezaji mdogo anayekutana na bingwa, kwa sababu akizidiwa vibaya raundi ya kwanza, ya pili huanza sifuri kwa sifuri. Fundisha basi raundi, usifundishe pambano zima: sekunde 30 za mwisho za kila raundi zifanyiwe mazoezi peke yake, mara mchezaji akiwa mbele kwa pointi 1, mara akiwa nyuma kwa pointi 2. Kwa kuwa kanuni hubadilika kila baada ya muda, mwalimu asome toleo la mwaka husika kabla ya kila mashindano.

Uzito na chakula

Olimpiki ina uzito wa aina nne tu kwa kila jinsia: kwa wanaume usiozidi kilo 58, kilo 68, kilo 80, na zaidi ya kilo 80, kwa wanawake usiozidi kilo 49, kilo 57, kilo 67, na zaidi ya kilo 67. Ubingwa wa dunia una aina nane kwa kila jinsia, na ndiyo sababu Barbosa aliweza kuwa bingwa wa kanda yake katika kilo 54, kisha akalazimika kupanda hadi 58 ili kuitafuta Olimpiki. Kijana wa kilo 55 anayeota Olimpiki apange tangu mapema kujenga mwili wa kilo 58 wenye nguvu, asije akakutana na watu waliokuwa wa kilo 62 na kushuka.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia uzembe katika jambo hili. Nilimpeleka kijana Dar es Salaam kwenye mashindano nikiwa nimetegemea mizani ya duka moja la jirani, na kwenye kupima uzito akaonekana amezidi gramu 400. Tulimkimbiza akiwa amevaa nguo nzito kwa karibu saa nzima, akapita alipopimwa mara ya pili, lakini siku ya pambano miguu yake haikuwa na kitu. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo klabu yetu ina mizani yake, na kila mwezi tunaijaribu kwa mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, na saruji kwetu Tanga haitafutwi mbali. Mchezaji apimwe kila Jumatatu asubuhi, matokeo yaandikwe daftarini, na wiki sita kabla ya mashindano asiwe amezidi uzito wake kwa zaidi ya kilo mbili.

Chakula chetu cha kawaida kinatosha kabisa. Samaki, dagaa, kunde, mbaazi, mchicha, ugali wa kiasi, na machungwa ya Muheza katika msimu wake humjenga mchezaji kuliko unga wowote wa makopo. Cha kupunguza ni chipsi za jioni, soda na maandazi yanayozidi. Mtoto aliye chini ya miaka 15 asipunguzwe uzito kwa njia yoyote. Apigane katika uzito alionao.

Karatasi

Vipaji vingi hukwama mezani kabla ya kufika uwanjani. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe tangu siku za mwanzo, na jina lililomo lilingane herufi kwa herufi na jina la shuleni, kwa sababu kwetu mtoto huandikwa Mwanaidi huku na Mwanahidi kule, au Abdalla kwa l mbili na Abdala kwa l moja, na tofauti hiyo ndogo humzuia kupata pasipoti wiki ile ile timu inapoitwa. Akifika miaka 18 afuatilie kitambulisho cha taifa mara moja. Vyeti vya mikanda na vya mashindano vitunzwe pamoja katika bahasha isiyopenya maji, nyumbani kwa mzazi badala ya kabatini kwa mwalimu. Leseni ya kimataifa ya mchezaji hupatikana kupitia shirikisho la nchi, kwa hiyo mwalimu wa mkoani awe na mawasiliano ya kudumu na viongozi wa taifa na ahudhurie mikutano yao hata wakati hana mchezaji wa kupeleka.

Kabla ya kila msimu mpeleke mchezaji akapimwe afya. Hapa mjini tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Aliyepigwa kichwani akazimia apumzike mwezi mzima bila kupigana, hata kama anasisitiza kwamba yuko sawa. Kwa hili sijadiliani na mzazi wala mchezaji.

Njia ya kupanda, na njia nyingine za pembeni

Kwa Mtanzania, ngazi ni mashindano ya klabu, ya taifa, ya kanda yetu ya Afrika Mashariki, ya ubingwa wa Afrika, na hatimaye mashindano ya Afrika ya kufuzu Olimpiki, ambayo yalifanyika Rabat mwezi wa Februari 2020 na Dakar mwezi wa Februari 2024. Kama ilivyokuwa Asia, wawili wa kwanza katika kila uzito ndio waliofuzu. Faith Ogallo wa Kenya alipita Rabat akaenda Tokyo. Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast alitwaa dhahabu Rio mwaka 2016 kwa teke la sekunde ya mwisho kabisa, na Mohamed Khalil Jendoubi wa Tunisia alimtoa Jang Jun, yule yule aliyemfunga Barbosa, katika nusu fainali ya Tokyo akaondoka na medali ya fedha. Wazazi wengi hudhani kwamba huu ni mchezo wa Wakorea peke yao, na majina hayo ninayataja kila mara kuwaonyesha vingine.

Si kila mtoto ataupenda ugomvi wa uwanjani. Yupo anayependa mpangilio wa miondoko, yaani pumse, na hiyo nayo ni fani ya kushindania. Wafilipino wameifanyia kazi kubwa: wanawake wao walipata shaba ya timu kwenye Michezo ya Asia ya Jakarta mwaka 2018, na Patrick King Perez akaleta shaba ya mmoja mmoja kutoka Hangzhou mwaka 2023. Vijana wa Bagamoyo waliokulia karibu na chuo cha sanaa cha TaSUBa, waliozoea sarakasi na ngoma, wana miili iliyokwisha kuandaliwa kwa fani hii, na nasikitika kwamba hatujaitumia ipasavyo.

Yupo pia mtoto mwenye ulemavu wa mkono ambaye mara nyingi huachwa nyumbani. Taekwondo ya walemavu imo kwenye Paralimpiki tangu Tokyo, na humo mateke ya kichwani hayaruhusiwi, jambo linalopunguza hofu ya wazazi. Allain Keanu Ganapin wa Ufilipino alifuzu kwenda Tokyo, akakutwa na UVIKO-19 karibu na safari na akabaki. Aliendelea na mazoezi miaka mitatu, akapigana Paris mwaka 2024. Mwalimu anayemjua mtoto wa namna hiyo mtaani kwake aende akabishe hodi kwao mwenyewe, asingoje aletwe.

Riziki na masomo

Mzazi apewe ukweli huu mapema. Ufilipino ina sheria ya mwaka 2015 inayompa mshindi wa dhahabu ya Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia peso 300,000, na vyuo vikuu vya Manila huwapokea wachezaji wa taekwondo kwa ajili ya mashindano ya vyuo. Hata hivyo, taekwondo haijawahi kuwapatia Wafilipino medali rasmi ya Olimpiki. Zile shaba za Stephen Fernandez na Bea Lucero za Barcelona mwaka 1992 zilipatikana wakati mchezo ulikuwa wa maonyesho tu. Mary Antoinette Rivero alifika nusu fainali Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 16, akarudi bila medali. Wengi wao waliishi kwa kazi nyingine. Monsour del Rosario, aliyepigana Seoul mwaka 1988, aliigiza filamu na baadaye akachaguliwa kuwa mbunge wa Makati.

Kwa hiyo kijana wetu asome. Mazoezi yawe jioni nne kwa wiki pamoja na Jumamosi asubuhi, na akiporomoka darasani mwalimu ampunguzie siku badala ya kumficha kwa wazazi. Akimaliza kidato cha nne au cha sita, ajue kwamba majeshi yetu, Polisi na Magereza wana timu za michezo na huwathamini wanamichezo wenye nidhamu, na kwamba uamuzi na ualimu wa taekwondo ni kazi zenye vyeti vyake. Ninawashauri wanafunzi wangu wasomee uamuzi wakiwa bado wanacheza, kwa sababu mtu aliyewahi kushika kidude cha kuhesabia pointi haisahau tena ile hesabu anapokuwa uwanjani.

Mzazi aliye tayari amlete mtoto siku yoyote ya mazoezi akiwa na suruali nyepesi, chupa ya maji, kucha zilizokatwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Sare ya mazoezi isubiri mwezi mmoja, mpaka tuone kama mtoto mwenyewe ndiye anayemwamsha mzazi kuja.